Fidla ya Kale, Masikio Mapya: Shauku ya Wasikilizaji na Historia ya Albamu *Genuine Negro Jig*

0. Utangulizi

Mwezi wa Februari 2010 kampuni ya Nonesuch ya New York ilitoa albamu ya nyimbo 12 iliyopigwa na vijana watatu weusi wa Marekani, yaani Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson. Kundi lao liliitwa Carolina Chocolate Drops, nayo albamu iliitwa *Genuine Negro Jig*, jina ambalo kwa Kiswahili lingeweza kufasiriwa kuwa «dansi halisi ya Weusi». Vyombo vilivyosikika humo ni fidla, banjo, mtungi unaopulizwa na mifupa miwili inayogonganishwa kati ya vidole. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, albamu hiyo ilipewa tuzo ya Grammy kama albamu bora ya muziki wa asili, na vijana hao wakaitwa kwenye majukwaa mengi ya Marekani na ya Ulaya.

Wasikilizaji wengi waliipokea kazi hiyo kana kwamba jambo jipya limezaliwa. Lakini sehemu kubwa ya nyimbo zake ilikuwa na umri mkubwa kuliko wapigaji wenyewe, na nyingine zilikuwa zimechezwa na mababu wa mababu zao. Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya. Kwa nini muziki wa kale kiasi hicho ulisikika kuwa mpya? Na kwa nini watu wengi, weusi na weupe, walistaajabu kuona fidla begani mwa mtu mweusi?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba mshangao huo haukutokea wenyewe. Ulitengenezwa, tena una tarehe zake, watu wake na sababu zake. Historia ya fidla ya kale huko Marekani huandikwa mara nyingi kama historia ya wapigaji na ya kampuni za santuri. Yafaa iandikwe pia kama historia ya wasikilizaji, kwa maana shauku yao ndiyo iliyoamua nani arekodiwe, nani aitwe jina gani, na nani asahauliwe.

1. Chombo kimoja, majina mawili

Kwanza inafaa kuondoa utata wa istilahi. Katika Kiswahili neno *fidla* linatosha kutaja chombo chenye nyuzi nne kinachopigwa kwa upinde, awe mpigaji ni mwanachama wa okestra ya Ulaya au wa kikundi cha taarabu. Wamarekani wao wana majina mawili kwa chombo hicho kimoja: jina la ukumbi wa muziki wa kitaalamu na jina la uani, la karamu na la dansi. Mbao ni zile zile na nyuzi ni zile zile. Tofauti iko katika mkono wa mpigaji na katika jamii inayomzunguka.

Mpigaji wa fidla ya kale hasomi noti. Hujifunza kwa sikio, akikaa karibu na mzee. Mara nyingi hugusa nyuzi mbili kwa pamoja, uzi mmoja ukichukua sauti ya wimbo na mwingine ukivuma chini yake bila kubadilika. Hukaza au kulegeza nyuzi zake kulingana na wimbo, ili nyuzi zisizoshikwa ziitikie zile zilizoshikwa. Wimbo wenyewe huwa mfupi, wa sehemu mbili, na hurudiwa tena na tena kwa muda wote ambao wachezaji wangali na nguvu ya miguu. Ni muziki wa dansi. Ubora wake haupimwi kwa ukimya wa watu waliokaa vitini, bali kwa vumbi linalotimka.

Namna hiyo ya kupiga ilizaliwa penye makutano. Wahamiaji wa Uskoti, Ireland na Uingereza walileta chombo na nyimbo zao. Waafrika waliopelekwa utumwani nao hawakufika mikono mitupu kwa upande wa maarifa. Mtaalamu Jacqueline Cogdell DjeDje, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya fidla za Afrika ya Magharibi, ameonyesha jinsi zeze za uzi mmoja zinazopigwa kwa upinde zilivyoenea na zinavyoheshimiwa katika ukanda ule. Ama banjo, wataalamu wanakubaliana kwamba asili yake ni Afrika. Ilitengenezwa na watumwa katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kaskazini kwa kufuata vyombo vya kibuyu na ngozi, ambavyo akonting ya Wajola wa Senegambia ni jamaa yao wa karibu. Fidla na banjo zilipokutana mikononi mwa watumwa, msingi wa bendi ya nyuzi ya Marekani uliwekwa.

2. Fidla mikononi mwa watumwa

Msomaji wa Kongo anayo sababu ya pekee ya kutazama ukurasa mmoja wa historia hii. Tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono katika koloni la South Carolina, watumwa waliasi wakaandamana kuelekea kusini, bendera mkononi na ngoma zikilia. Mwanahistoria John Thornton ameeleza kwamba kiini cha waasi hao walikuwa watu wa ufalme wa Kongo, wengi wao wakiijua dini ya Kikatoliki na matumizi ya bunduki tangu kwao. Uasi ulizimwa kwa damu. Mwaka uliofuata, 1740, koloni lilitunga sheria kali juu ya watumwa, na miongoni mwa mambo yaliyokatazwa yalikuwa ngoma, baragumu na vyombo vingine vya sauti kuu vinavyoweza kuwaita watu pamoja.

Fidla haikutajwa katika katazo hilo. Ilikuwa chombo cha mabwana, tena sauti yake haikufika mbali. Isidhaniwe kuwa sheria moja ndiyo iliyozaa muziki mzima, lakini ni dhahiri kwamba pale ngoma ilipozibwa mdomo, nyuzi ziliachiwa nafasi ya kusema. Matangazo ya magazeti ya karne ya 18 yaliyowatafuta watumwa watoro yanataja mara nyingi kwamba fulani «anajua kupiga fidla», kama vile yanavyotaja kovu au urefu wa mtu. Na wazee waliozaliwa utumwani, walipohojiwa na waandishi wa serikali katika miaka ya 1930, waliikumbuka fidla kuliko chombo kingine chochote.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Solomon Northup, mtu mweusi huru wa jimbo la New York. Mwaka 1841 watu wawili walimwahidi kazi ya kupiga fidla katika sarakasi, wakamfikisha Washington, na huko akauzwa. Alikaa utumwani miaka 12 huko Louisiana, akitolewa shambani kwenda kupiga katika dansi za mabwana, hata alipokombolewa mwaka 1853 na kuandika habari zake. Katika maisha yake fidla ilikuwa mtego ulionasa, ikawa tena faraja ya mfungwa. Yeyote atakayesema kwamba muziki huu ni wa furaha tupu hana budi kumkumbuka Northup.

Familia nyingine ni ile ya Snowden, ya wilaya ya Knox katika jimbo la Ohio. Wazazi walizaliwa utumwani huko Maryland. Watoto, wa kike na wa kiume, walikuwa na bendi yao ya fidla na banjo, wakipiga mbele ya majirani weusi kwa weupe. Wilaya hiyo hiyo ndiyo aliyozaliwa Dan Emmett, mzungu aliyepata jina kubwa kuanzia mwaka 1843 kwa kujipaka masizi usoni na kuigiza watu weusi jukwaani. Watafiti Howard na Judith Sacks, katika kitabu chao cha 1993, walitetea wazo kwamba Emmett alijifunza mengi kwa akina Snowden. Miongoni mwa maandishi yake ulikutwa wimbo aliouita «dansi halisi ya Weusi». Ndio wimbo ule ambao vijana wa Carolina Chocolate Drops waliuchukua miaka mingi baadaye, wakauongezea jina la Snowden, na kuufanya jina la albamu yao. Kwa kitendo hicho walimrudishia mwenye mali mali yake.

3. Atlanta, 1923: shauku inapogeuka bidhaa

Kwa muda mrefu shauku ya wasikilizaji wa fidla haikuwa na bei. Mpigaji alilipwa kwa chakula, kwa kinywaji au kwa sarafu chache. Hali ilianza kubadilika mwaka 1922, Eck Robertson, mpigaji wa Texas, alipofika New York na kurekodiwa na kampuni ya Victor. Lakini badiliko kubwa lilitokea mwaka uliofuata katika jiji la Atlanta.

Polk Brockman alikuwa muuzaji wa samani, na pamoja na samani aliuza santuri za kampuni ya Okeh. Alimshauri Ralph Peer, mtumishi wa kampuni hiyo, amrekodi mzee mmoja aliyejulikana mjini kote kwa mashindano ya wapiga fidla na kwa redio, yaani Fiddlin' John Carson. Kazi ilifanyika Juni 1923. Peer hakuipenda hata kidogo sauti ya Carson. Brockman, ambaye aliwajua wanunuzi wake, aliagiza nakala 500. Zilimalizika upesi, akaagiza nyingine, na kabla ya mwaka kwisha Carson alikuwa ameitwa New York kurekodi zaidi.

Tukio hili lina maana kubwa kuliko idadi ya nakala. Mtaalamu wa kampuni alikosea. Wasikilizaji ndio waliomsahihisha. Hawakuhitaji sauti nyororo. Walihitaji kusikia mlio ule ule waliousikia utotoni, sasa ukitoka katika kisanduku ndani ya nyumba zao. Wengi wao walikuwa wametoka mashambani na kuingia katika viwanda vya nguo vya Atlanta, na fidla ya Carson iliwarudisha nyumbani kwa dakika tatu. Kila msikilizaji wa Lubumbashi au Likasi ambaye wazazi wake walitoka kijijini kwenda kufanya kazi katika migodi ataelewa jambo hilo bila kuelezwa.

4. Ukuta wa majina

Kampuni zilipogundua kwamba muziki huo unauzika, zilihitaji kuupa jina katika orodha zao. Hapa ndipo suala la historia linapogeuka kuwa suala la lugha. Muziki wa watu weusi ulikuwa tayari umetengwa katika orodha ya «santuri za mbari». Fidla ya Carson na wenzake iliwekwa katika orodha nyingine: mara «nyimbo za zamani», mara, kwa dharau, muziki wa washamba wa milimani. Orodha ya kwanza iliuzwa kwa Weusi, ya pili kwa Weupe.

Mgawanyo huo haukufuata maisha. Mashambani Weusi na Weupe walijua nyimbo zile zile na mara nyingi walizipata kwa mwalimu mmoja. Mwezi wa Agosti 1927, huko Charlotte, Andrew Baxter, mpiga fidla mweusi wa Georgia, alirekodi wimbo pamoja na Weupe wa kundi la Georgia Yellow Hammers. Ni mojawapo ya rekodi za kwanza za namna hiyo katika muziki huu. Lakini Baxter aliporekodi pamoja na mwanawe Jim, santuri zao ziliingizwa katika orodha ya mbari.

Athari zake zilikuwa za polepole na za kudumu. Kwa watu weusi kampuni zilitaka *blues*, na mpigaji mweusi aliyefika na fidla yake aliombwa kitu kingine. Baadhi walifaulu kuunganisha mambo mawili hayo, kama vile kundi la Mississippi Sheiks, ambalo mwaka 1930 lilirekodi *Sitting on Top of the World*, fidla ikiongoza. Wengi walibaki bila kurekodiwa. Mwaka 1942 Alan Lomax alimrekodi Sid Hemphill huko Mississippi, na mwaka huo huo John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk akawarekodi Nathan Frazier na Frank Patterson huko Nashville. Rekodi hizo hazikuwa za kuuzwa madukani. Zilihifadhiwa kwa ajili ya watafiti, na msikilizaji wa kawaida hakuzijua.

Upande wa pili, shauku ya Weupe ilipata walezi wenye nguvu. Mnamo Desemba 1925 Henry Ford, tajiri wa magari, alimwalika kwake Dearborn mzee Mellie Dunham, mpiga fidla wa jimbo la Maine, na magazeti yakalishangilia jambo hilo. Mwaka 1926 wauzaji wa magari yake waliandaa mashindano ya fidla mahali pengi. Ford aliona dansi za zamani kuwa dawa dhidi ya jazi, na gazeti lake lilikuwa limekwisha kuandika kwamba jazi ni uovu ulioletwa na Wayahudi. Hivyo muziki ambao Weusi walikuwa miongoni mwa waasisi wake ulitolewa kama ushahidi wa usafi wa Weupe. Kwa kweli fidla haikuwa na kosa, ila sikio lililoisikiliza lilikuwa limekwisha kufundishwa nini lisikie.

Ni haki kuongeza kwamba kampuni na matajiri si sababu pekee. Vijana weusi wenyewe waliiacha fidla. Wengi walihamia miji ya kaskazini, ambako dansi za shambani hazikuwa na nafasi. Banjo ilikuwa imetiwa aibu na wale waliojipaka masizi ili kuwacheka. Gitaa lilikuwa rahisi kupatikana, na mapigo mapya yalivutia. Katika hali hiyo methali isemayo *mwacha asili ni mtumwa* haitoshi, kwa kuwa hapa asili iliachwa na wajukuu wa watumwa, na waliiacha kwa sababu ilinuka utumwa.

5. Mkusanyo usiotaja rangi

Mwaka 1952 kampuni ya Folkways ilitoa *Anthology of American Folk Music*, mkusanyo wa rekodi 84 uliopangwa na Harry Smith. Rekodi hizo zilitoka katika santuri za biashara za miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930, zile zile zilizokuwa zimetenganishwa katika orodha mbili. Smith alizichanganya. Sehemu moja nzima ilikuwa na muziki wa dansi na wa kanisani, na fidla ina nafasi kubwa humo. Maelezo yake ya kina hayakutaja rangi ya mpigaji yeyote. Wapo waliomsikiliza Mississippi John Hurt kwa miaka kadhaa wakimdhania kuwa mzungu wa milimani.

Wasikilizaji wa mkusanyo huo hawakuwa wengi, lakini walikuwa wa namna ya pekee: wanafunzi, vijana wa mijini, watu waliotaka kupiga walichokisikia. Mwaka 1958 Mike Seeger, John Cohen na Tom Paley waliunda kundi la New Lost City Ramblers, lililopiga nyimbo za santuri za kale kwa uaminifu mkubwa. Wengine walifunga safari kwenda kuwatafuta wazee. Alan Jabbour alimrekodi Henry Reed huko Virginia mnamo 1966 na 1967. Vijana wengi walikwenda kuketi barazani kwa Tommy Jarrell, karibu na Mount Airy katika North Carolina, hata alipofariki mwaka 1985.

Ufufuo huo uliokoa mengi. Hata hivyo, yafaa kutambua upungufu wake. Kutotaja rangi katika karatasi hakukuondoa ukuta uliokwisha kujengwa masikioni. Vijana hao, ambao takriban wote walikuwa Weupe, walipanda milimani kuwatafuta wazee weupe, maana ndiko walikoambiwa fidla inakaa. Wachache tu walikwenda kubisha hodi katika nyumba za Weusi. Mmoja wa hao, mtafiti Kip Lornell, ndiye aliyekutana na akina Thompson katika miaka ya 1970.

6. Nyumbani kwa Mzee Joe Thompson

Joe Thompson alizaliwa mwaka 1918 katika North Carolina, akaishi karibu na mji mdogo wa Mebane. Baba yake alipiga fidla, na babu yake, aliyezaliwa utumwani, alipiga vilevile. Katika utoto wake majirani walikusanyika wakati wa kuambua mahindi, na kazi ilipokwisha meza zilisogezwa, dansi ikaanza. Baadaye Joe alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha samani, na fidla ikakaa ukutani, kwa kuwa watu wa kuichezea hawakuwapo tena. Walipotembelewa na watafiti, yeye na binamu yake Odell, mpiga banjo, walianza kupiga upya, safari hii mbele ya wageni. Odell alifariki mwaka 1994. Joe alibaki mmoja wa watu wachache sana waliokuwa wamepokea muziki huo kwa njia ya ukoo.

Mnamo Aprili 2005 palifanyika katika mji wa Boone, North Carolina, mkutano juu ya banjo na watu weusi. Huko walikutana Giddens, aliyekuwa amesomea uimbaji wa opera, Flemons kutoka Arizona, na Robinson wa North Carolina. Tangu hapo wakawa wakienda Mebane kila juma kuketi na Mzee Joe. Yeye hakuwaeleza nadharia. Alianza wimbo, wao wakaufuata, walipokosea alirudia. Alikuwa na umri wa miaka 86, na mkono wake ulikuwa umedhoofishwa na kiharusi, lakini mapigo hayakumpotea. Mwaka 2007 serikali ya Marekani ilimpa tuzo yake ya juu kwa wasanii wa jadi. Alifariki Februari 2012, akiwa ameiona albamu ya wanafunzi wake ikitunukiwa.

7. Albamu na wasikilizaji wake

Sasa inaeleweka wasikilizaji wa 2010 walisikia nini. Katika *Genuine Negro Jig* wimbo wa Mzee Joe, *Cindy Gal*, uko jirani na wimbo wa Papa Charlie Jackson wa miaka ya 1920, na wa tatu, *Hit 'Em Up Style*, umetoka katika muziki wa redio wa mwaka 2001, ukapigwa upya kwa fidla huku mdomo wa mmoja wao ukiigiza ngoma. Hapakuwa na alama ya kuonyesha wapi jadi inakoma na wapi usasa unaanza. Vijana hao hawakuomba ruhusa ya kuwa wa kale, wala hawakuomba radhi kwa kuwa wa leo.

Waliovutwa hawakuwa kundi moja. Wapo waliokuwa wapenzi wa fidla ya kale tangu miaka ya ufufuo. Hao walisikia mapigo mazito zaidi, banjo na fidla zikisukumana badala ya moja kuifuata nyingine. Wapo wasioujua muziki huu kabisa, waliopenda uchangamfu tu. Na walikuwapo wasikilizaji weusi waliotambua kwa mara ya kwanza kwamba kitu walichofundishwa kukiita cha Weupe kilikuwa nyumbani mwa mababu zao. Kwa hao shauku ilichanganyika na huzuni, kwa maana mtu hafurahii kurudishiwa urithi bila kuuliza ulikuwa wapi siku zote hizo.

Ukweli mwingine hauna budi kusemwa. Wengi wa waliojaza kumbi kuwasikiliza Carolina Chocolate Drops walikuwa Weupe. Albamu moja, hata ikipewa tuzo, haibomoi kwa mwaka mmoja ukuta uliojengwa kwa miaka 90. Giddens mwenyewe aliendelea kulieleza jambo hilo hadharani, hasa katika hotuba yake ya mwaka 2017 huko Raleigh mbele ya chama cha kimataifa cha muziki wa *bluegrass*, akikumbusha mchango wa Weusi katika muziki ambao wanachama wengi waliudhania kuwa wa Weupe peke yao.

Lakini mbegu iliota. Mwaka 2023 Giddens alipewa tuzo ya Pulitzer, pamoja na Michael Abels, kwa opera *Omar*, inayohusu Omar ibn Said, mwanachuoni Mwislamu wa Senegambia aliyeuzwa utumwani Carolina. Mwaka 2024 banjo yake ilifungua wimbo *Texas Hold 'Em* wa Beyoncé, na mamilioni ya vijana wakaisikia bila kujua jina la Joe Thompson. Mnamo Aprili 2025 Giddens na Robinson walitoa albamu nyingine, *What Did the Blackbird Say to the Crow*, ya fidla na banjo, nyimbo za North Carolina tu. Hawakuingia studio. Walikwenda kupiga nje, pamoja na mahali alipoishi Mzee Joe, na sauti za wadudu wa msituni zikaachwa ndani ya rekodi. Mwezi huo huo kundi la zamani lilikutana tena jukwaani katika mji wa Durham.

8. Hitimisho

Mambo matatu yanaweza kukusanywa kutokana na maelezo haya.

Kwanza, shauku ya wasikilizaji ni nguvu ya kihistoria. Mwaka 1923 ilimshinda mtaalamu wa kampuni na kuanzisha biashara nzima. Mwaka 1952 iliwatoa wanafunzi mijini ikawapeleka vijijini. Mwaka 2010 ilifungua mlango uliokuwa umefungwa. Lakini nguvu hiyo hufuata njia iliyochimbwa na majina. Orodha za miaka ya 1920 ziliwaambia watu wa kusikiliza wakisikilize nini, nao wakatii hata walipokuwa hawazioni tena.

Pili, jina si ganda tu la kitu. Anayeshughulika na lugha anaweza kushawishika kuona katika «mbari» na «zamani» istilahi za maduka ambazo muda umezifuta. Historia ya fidla inaonyesha kwamba istilahi za maduka zilitosha kumnyang'anya mtu kumbukumbu ya baba yake. Mtoto mweusi wa 1990 aliyesema kwamba fidla si yetu hakudanganya. Alirudia kwa uaminifu kile orodha ilichosema kabla hajazaliwa.

Tatu, urithi wa sikio hauokolewi na kabati la rekodi peke yake. Rekodi za Hemphill na za Frazier zilikuwapo tangu 1942, zikanyamaza. Kilichozifanya ziseme tena ni vijana watatu waliokwenda kila juma kuketi mbele ya mzee mmoja, na mzee aliyekubali kuuanza wimbo mara ya pili. Kama wangechelewa miaka saba, wangeukuta mlango umefungwa, na leo pasingekuwa na albamu ya kuzungumziwa, wala wasikilizaji wa kustaajabu.